Nyuma ya Lango Nililolijenga

Mwanangu Riziki,

Umetoka sasa hivi kwenda Wawi kumuaga shangazi yako, nami nimebaki hapa barazani, chokaa inanikaukia ndooni. Kalamu hii nimeitoa kwenye kabati la mamaako bila ya kumuuliza. Mara ya mwisho kuandika barua ilikuwa ya posa, na ile nilisaidiwa na marehemu ami yako, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala, ziinue mwenyewe. Weye ndiye uliyesoma.

Mamaako yuko jikoni anakukaangia visheti, harufu imejaa nyumba nzima. Mambo ya safari keshayamaliza yeye: chandarua, dawa ya tumbo, khanga za kujifunika, usimwazime mtu simu yako, usile samaki usiyemjua alikotoka. Sina la kuongeza hapo. Mie nilikuwa na neno moja tu la kukupa, na neno hilo umeniomba mara tatu, na mara zote tatu nimenyamaza.

Mara ya kwanza ilikuwa jikoni, unakuna nazi. Ulisema, "Baba, nimepata kazi Msumbiji, kuzalisha wakimbizi. Naomba radhi zako." Nikasimama nikaenda shamba, na shambani siku hiyo sikuwa na kazi yoyote. Mara ya pili ukamtuma mamaako. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Faki, mtoto anasubiri." Nikamwambia nimesikia. Akanijibu, "Kusikia hata mbuzi anasikia." Unamjua mamaako. Mara ya tatu ndiyo leo, baada ya sala ya adhuhuri, naziba ufa wa kisima. Ulikuja ukavua viatu usije ukakanyaga chokaa, ukachutama ubavuni mwangu, ukasema, "Baba, boti ni kesho asubuhi. Nipe radhi zangu nikaende." Nikaendelea kupaka. Nilipaka pale pale mahali pamoja mpaka chokaa ikaanza kubanduka. Ukakaa kidogo, ukaokota viatu vyako, ukaenda zako.

Nnajua majirani wanasema Mzee Faki kanuna kwa sababu binti anakwenda ng'ambo hana mume. Waache, watu lazima wawe na la kuzungumza. Hasira sina. Nina hofu, na hofu yangu ina mahali pake. Jioni ile ulinionyesha kwenye simu picha ya utakapofanyia kazi: ngome ya zamani ufukweni, uani wamepiga mahema ya hospitali, mbele kuna lango kubwa. Ukasema, "Tazama, baba, jengo zuri." Nikakurudishia simu nikasema macho yangu hayaoni vizuri. Macho yanaona, mwanangu. Ule ukuta wa kulia wa lango, wenye mawe madogo kuliko wa kushoto, nimeujenga mie.

Kwamba nimewahi kukaa Msumbiji nyote mnajua. Kila nikipandwa na homa mamaako husema ndiyo ile ya Msumbiji imekuja kunitembelea. Lakini nilikaa vipi, na nani, hilo sikupata kukwambia, na weye hukuuliza kwa kuwa una adabu. Sasa unakwenda kulala ndani ya kuta zile zile, na vita vimerudi tena, vingine, vyenye watu wengine. Itakuwa uchoyo nikikuacha uende hivi hivi.

Nilikuwa kijana, tunakaa Jadida kule Wete. Babu yako alikuwa mwashi na mie mwashi chini yake, na kila nilichokijenga watu wakasema hiyo ni kazi ya Mzee Hamadi. Nilichoka. Akatokea mfanyabiashara mmoja anatafuta mafundi wa chokaa wa kwenda kutengeneza nyumba za mawe kule kusini. Babu yako aliposikia akasema, "Huko wanapigana wenyewe kwa wenyewe." Nikamjibu, "Wanapigana bara, baba. Mie nakwenda pwani." Tazama jibu hilo, utadhani vita vinaogopa kulowa. Akasema, "Basi mie sikupi radhi." Sikurudia kuomba. Nilikuwa na kiburi cha kijana anayejua kuchanganya udongo na chokaa akadhani amejua dunia. Niliondoka alfajiri yeye yuko msikitini, na mwiko wake mzuri wa kazi nikauchukua.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kazi ilikuwepo, watu wa pwani ile ni watu wetu, wanasali tunavyosali, na lugha yao ya Kimwani ukiisikiliza kwa subira unaielewa nusu, na nusu nyingine mnacheka. Kisha vita vikashuka. Barabara zikakatwa, mfanyabiashara wetu akapanda chombo akatukimbia, na askari wakaja kukaa ngomeni. Ngome ilikuwa gofu kwa miaka mingi. Wakaulizia fundi mjini, wakaelekezwa kwangu. Hawakunifunga. Waliniambia tu kwamba ngome ina nyufa, ingia. Nikaingia na mwiko wa babu yako, lango likafungwa nyuma yangu. Mfungwa sikuwa, na kutoka nisingeweza. Nilikuwa fundi.

Watu husikia ngome wakawaza mizinga. Mizinga ilikuwepo, ya kale, imeota kutu, watoto wanaipanda na wanawake wanaanikia nguo juu yake. Ngomeni shughuli ni maji. Chini ya ua palikuwa na birika linalopokea mvua kutoka kwenye sakafu za juu, na kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuliziba lisivuje. Watu wa vijiji vya karibu walikuwa wakija kulala ndani, wanaogopa kuchomewa nyumba zao, asubuhi wanatoka wakachimbe mihogo. Walikuwa wengi kuliko maji. Niliona mwanamke na wifi yake wamekamatana mashuka kwa kata moja ya maji, na kesho yake wamekaa juu ya mzinga mmoja anamsuka mwenzake. Mchana hakuna kinachotokea. Hilo halisemwi na mtu, kwamba vita sehemu kubwa ni kukaa, na kusikiliza, na kugombana kwa sababu ya nani kahamisha ndoo.

Mie nilikuwa nawadharau. Nilikuwa nikisema moyoni, hawa wanagombania sabuni na huko nje watu wanakufa. Mpaka siku moja nikajikuta nimeficha mkate wa mtu chini ya ndoo yangu ya chokaa, mkate wa mzee mmoja aliyelala, na sikuwa hata na njaa sana. Hofu haimkuzi mtu, Riziki. Inampunguza, inamfanya bahili wa vitu vidogo. Utawaona wakimbizi wako wanatukanana kwa dumu la maji na utawadharau kidogo, nawe utaona haya kwa kuwadharau. Haya hiyo haikusaidii. Kaa nao tu, utazoea, nawe siku moja utajikuta umeficha cha mtu.

Mpishi wetu alikuwa mzee mmoja anaitwa Amade, mwizi wa kete za bao, anakuibia unamtazama na ukimwambia anaapa. Aliyekuwa akimsaidia jikoni ni mwanamke kijana, Anifa, mjane, ana mtoto wa kike mdogo jina lake Zena. Huyo Anifa alikuwa na ulimi. Nilipokuwa najenga ukuta wa lango alipita na mtungi akasema, "Mpemba, ukuta wako umenyooka kuliko weye." Nami nilikuwa nimeinama tangu asubuhi, mgongo unaniuma. Nilicheka mpaka nikaangusha jiwe. Na ndiye aliyekuwa mkunga wetu bila ya kusomea. Mtoto mmoja alizaliwa kwenye chumba cha kuhifadhia baruti, kwa kuwa ndicho pekee chenye mlango, na Anifa akatoka na mtoto kwenye khanga yake akawaambia askari waliokuwa wamejipanga pale, "Mnashangaa nini? Hata nyie mlitokea huku huku." Uliposema unakwenda kusomea ukunga, miaka ile, mamaako alifurahi na mie nikatoka nje. Ulidhani sikupendezwa. Nilikwenda kulia nyuma ya banda la kuku.

Ukuta ulipokwisha, kamanda akasema aliyelijenga lango ndiye atakayelilinda, tena anajua lugha ya walio nje. Kamanda hakuwa mtu mbaya. Alinyoa ndevu kila asubuhi kwa maji ya bahari, na nyimbo za kwao zikipigwa kwenye redio alikuwa anageukia ukutani. Amri yake ilikuwa moja. Lango likishafungwa, mtu asifungue wala asijibu. Walikuwa na habari za ngome nyingine ambako waliomo ndani waliitwa na sauti wanayoijua, wakaitikia, wakafungua, na nyuma ya sauti hiyo wakaingia wengine. Kwa hiyo si kufungua tu. Hata kuitikia kulikatazwa.

Siku hiyo mvua ilianza mapema. Anifa alitoka asubuhi kwenda kijijini kumchukua mamaake, bibi mmoja mkaidi aliyekataa kulala ngomeni kwa sababu ati watu wa ngomeni wanakoroma. Zena kamwacha jikoni kwa Amade. Kabla ya adhuhuri ikaja habari kwa redio ya upepo kwamba maadui wako njiani, na kamanda akaamuru lango lifungwe mchana kweupe. Nikapiga makomeo yote. Nikasimama nyuma yake, mvua inanishukia mgongoni, namwomba Mungu Anifa awe amechelewa huko huko alikokwenda.

Nikasikia hodi.

Ilikuwa sauti yake, wala hakupiga kelele. Alipiga hodi kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye wageni. Nikanyamaza, ndiyo amri. Nikaondoka mbio kupanda ngazi kumwombea ruhusa kwa kamanda, na nyuma yangu nikasikia ya pili. Kamanda yuko kwenye redio, akaniashiria kwa mkono ningoje. Nikiwa pale juu nikaisikia ya tatu, kwa mbali, mvua imeifunika. Nikawaza, hana neno, atagonga. Kaja na mamaake, mvua inawanyeshea, atachukua jiwe apige lango, atatukana, namjua ulimi wake. Kamanda akamaliza kuzungumza. Nikamwambia ni Anifa wa jikoni. Akafikiri, akatazama baharini, akasema, "Mfungulie, upesi." Nikashuka, nikavuta makomeo moja moja, nikafungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo kwenye matope, za watu wawili, zinajaa maji.

Weye umelelewa nyumba hii. Unajua hodi ni tatu. Ukipiga tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka, huchungulii dirishani wala hugongi, kwa kuwa wenyewe wana sababu yao. Mie nilichapwa kofi na bibi yako kwa kupiga ya nne kwa jirani, akaniambia ya nne ni ubishi. Na Anifa naye kalelewa hivyo hivyo. Mtu mwingine angelibamiza lango lile mpaka likatoka vumbi, na ningeshuka nikamkuta. Yeye kapiga tatu kwa adabu, kaona kimya, kamshika mamaake mkono kaenda zake. Askari wale hawakuijua desturi hiyo, si yao. Langoni pale mtu wa kujua kwamba baada ya hodi ya tatu ataondoka nilikuwa mie peke yangu.

Nimelifikiri jambo hili miaka yote, nachanganya chokaa nalifikiri, nikisimama kwenye sala linanijia. Watu wawili niliowahi kuwasimulia waliniambia usijilaumu, ilikuwa amri. Kweli, kutofungua ilikuwa amri, na amri ile ilikuwa na maana yake. Lakini mie nilikuwa nimeshaamua kuivunja. Miguu yangu ilikuwa inapanda ngazi kwa ajili yake. Moyo wote ulikuwa upande wake, na yeye aliyesimama nje hakupata hata chembe ya habari hiyo. Alichopata ni kimya. Ningemwambia, "Anifa, ngoja," kwa sauti ya chini, mdomo kwenye ufa wa mbao, nani angesikia kwa mvua ile? Sikumwambia. Niliona haina haja, niliona anajua mie ni nani na nitafanya nini. Watu hawajui, mwanangu. Hata wanaokupenda hawajui, mpaka uwaambie.

Jioni yake ikasikika milio upande wa kijijini na moshi ukapanda. Ngome haikuguswa. Siku zilizofuata tulikwenda kutazama, nyumba ya mamaake imebaki kuta, na wao hatukuwaona, si wazima si maiti. Wapo waliosema waliwaona wanakwenda njia ya mikokoni. Wapo waliosema vingine, na hivyo sitaviandika. Mpaka leo ninavyoandika sijui. Zena akawa kila asubuhi anakuja kukaa langoni karibu yangu, kashika sahani yake ya bati. Ananiuliza, "Mjomba, mama kapiga hodi?" Namwambia, bado. Nilimwambia bado kila siku, mpaka shangazi yake akaja kumchukua, na mpaka hivi leo sielewi kama neno lile lilikuwa la huruma au nilikuwa najionea huruma mwenyewe.

Hali ilipotulia kidogo nikapata chombo cha kunirudisha. Nilifika Wete na mwiko ule mkononi, nimekusudia kumrudishia mwenyewe na kumwangukia miguuni. Babu yako alikuwa keshafariki, kaburi limeota majani. Nikamuuliza bibi yako, "Mama, alikufa hajaniridhia?" Bibi yako alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema, "Alikuwia radhi siku ile ile, alipotoka msikitini akakuta hupo. Alikaa pale pale mlangoni akasema, nimemwia radhi mwanangu. Ulikuwa umeshakwenda. Nani angekufuata akakwambie?"

Sasa fikiri. Miaka yote niliyokaa ngomeni, kila kombora likilia nilikuwa nasema, hili langu, maana sina radhi za mzee. Kila homa. Hata Anifa, niliona ni mie niliyemletea nuksi. Na radhi zilikuwepo, zimekaa Jadida, zinasubiri mtu wa kuzichukua. Zilinifaa nini? Nilikuwa nazo kama mtu mwenye shamba asilolijua.

Nilipooa nikahamia huku Pujini kwa kina mamaako, nikakuta na hapa pana ngome yao, magofu, wageni wanakuja kupiga picha. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwenda kusaidia kushikilia zile kuta. Nikasema mgongo unauma. Mamaako anajua mgongo wangu hauna kitu. Weye ulipokuwa mdogo ulikuwa ukichezea kule na wenzako, nami nilikuwa nakuita kwa ukali, unarudi unalia, unadhani nakuchukia. Nisamehe kwa hayo. Nilikuwa siwezi kukuona upande wa pili wa ukuta.

Nimeandika mpaka hapa, na unaweza kusema, mzee huyu kajua yote haya, kisha kanifanyia nini? Ndilo ninalojiuliza na mie. Ninayejua uchungu wa kuzikosa radhi ndiye niliyekunyima. Nilizifanya radhi zangu komeo. Nilisema nikinyamaza atabaki, maana Riziki haondoki bila ya radhi, si mtoto wa kuiba mwiko akatoroka. Nilikuwa nacheza na adabu yako. Leo ulipookota viatu vyako ukaenda, hukununa, hukubamiza mlango, hukuomba tena, nilikuona mgongo unapita kwenye migomba, na mwiko ukanitoka mkononi ukaingia kisimani. Umeomba mara tatu ukaondoka. Umelelewa vizuri, na aliyekulea ni mie.

Nilianza karatasi nyingine kabla ya hii. Niliandika kwamba nakupa radhi kwa sharti urudi kabla ya Ramadhani, na usitoke nje ya ngome, na ukisikia mlio wowote upande boti uje. Nikampelekea mamaako nikamsomea. Hakugeuka kutoka kwenye karai. Akasema, "Hizo radhi au mkataba?" Nikaichana. Alikuwa analia, lakini alisema ni moshi.

Kule utaitwa na watu wengi kuliko mikono yako. Huyu anajifungua, yule anatokwa damu, wa tatu mtoto wake ana homa, na dawa hakuna. Hutawafikia wote, hakuna anayeweza, usijaribu kuwa malaika. Lakini mtu akikuita, itika. Mwambie nipo, nakuja. Mwambie siwezi. Mwambie dawa imekwisha. Atakasirika, atakutukana pengine, na hiyo si hasara. Nakuomba hilo tu, wala si kwa ajili ya dini wala ukubwa, ni kwa kuwa najua linavyomkaa mtu tumboni akishakuwa mzee.

Sikutumi kumtafuta Anifa. Sikutumi hata Zena, ambaye kama yu hai ni mwanamke mzima, pengine ana wajukuu, pengine ni mmoja wa hao wanaokuja kujifungulia watoto wao kwenye mahema yenu. Usiulize majina ya watu kwa ajili yangu. Mzigo ni wangu, sikukusudia kukutwika, nimekufungulia tu uuone ujue kwa nini babaako yuko hivi. Na ule ukuta ukiupita usiusifu.

Karatasi hii ataitia mamaako begini mwako, chini kabisa, utaikuta ukishafika. Lakini neno lenyewe silitii begini. Babu yako alilisema mlangoni mie niko baharini, na nimeshakwambia lilinifaa nini. Jua bado lipo, utarudi kutoka Wawi kabla ya magharibi. Nitakuwa hapa hapa barazani. Nimekusudia kusimama, nikuite, nikwambie kwa mdomo wangu mamaako anasikia. Sijazoea, unanijua, nikianza tu nageuza habari kuwa ya mbuzi. Ukisoma hapa, utakuwa unajua kama niliweza.

Na kama sikuweza, basi lishike hili nililoliandika kwa mkono wangu. Nimekuwia radhi, Riziki, duniani na akhera. Hazina sharti. Ukirudi ni zako, na usiporudi ni zako. Ukikosea huko, ukamkosa mtu uliyekuwa unaweza kumwokoa, ni zako vile vile, hazirudishwi. Nakuogopea, wala siombi unipunguzie hofu hiyo. Nataka urudi.

Babaako,
Faki